Barafu ya huku

Minneapolis, Januari

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, ila nyonga inaniuma. Usishtuke, hakuna kilichovunjika. Juzi alfajiri mwenzangu wa kazini alinionya kuna "black ice". Nikainamisha macho kutafuta barafu nyeusi, sioni kitu ila lami. Kumbe ndiyo yenyewe! Ni utando mwembamba kama kioo, hauna rangi, weusi ni wa barabara iliyo chini. Hatua ya tatu nikawa chali, wali na maharage vimetapakaa.

Siku mbili za kukaa ndani nimezimaliza nikilichimbua hilo neno "ice". Waingereza wa kale waliandika "is", ndugu yake "Eis" ya Wajerumani na "ijs" ya Waholanzi. Ile c waliichomeka baadaye. Na vile vichongo vya barafu vinavyoning'inia kwenye paa huitwa "icicle". Nusu ya mwisho ya neno, enzi hizo, peke yake ilitosha kuvitaja, kwa hiyo wanataja barafu mara mbili na hawana habari.

Sisi tusiwacheke sana. Barafu yetu imetoka Uajemi, na kule "barf" ni theluji. Theluji nayo tumeipata kwa Waarabu. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro, aliyekuwa akimwongoza njia alimjibu kwamba ile ni baridi tu. Shuleni nilimwona mshamba yule bwana. Sasa kila nikifungua mlango, kabla sijaona theluji wala barafu, kinachonipiga usoni ni baridi, basi namvulia kofia (nikiwa ndani, lakini).

Vijana huku wakisema "ice" huenda wanataja almasi za shingoni. Halafu kuna zile herufi tatu, ICE, za idara ya Marekani inayokamata wageni wasio na vibali, iliyoanzishwa 2003. Neno likisikika kwenye foleni, sisi wageni husikiliza kwanza linaelekea wapi. Makaratasi yangu yako sawa, Mama, lala usingizi.

Mtoto wa jirani nilimsimulia barafu zako za ubuyu, tulivyozifunga kwenye vifuko usiku na kuziuza mlangoni saa za mapumziko. Akauliza kwa nini watu wanunue barafu.

Akitokea mtu wa kuja huku, mpe unga wa ubuyu, nusu kilo inatosha. Kugandisha nitagandishia dirishani.

Msalimie Bibi na wadogo zangu.

Mwanao