Kabla ya kufungua akaunti ya uzeeni Marekani, uliza wanakata nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu kijana aliyewaandikia Jumapili iliyopita kutoka Marekani. Anasema ana miaka 29, ameanza kazi ghalani, na anataka kufungua akaunti binafsi ya kustaafu, hii inayoitwa IRA. Hajui aende benki anakopokelea mshahara au ampe fedha mtu wanayesali pamoja, ambaye amejitolea kumshughulikia kila kitu. Barua yake niliisoma kwenye simu wakati wa mapumziko ya saa nane usiku, nikairudia nilipofika nyumbani. Mdogo wangu, maswali hayo niliyauliza mimi mwaka 2010, na majibu niliyopewa yalinigharimu.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza. Nipo Houston tangu 2007, na kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Ninaowaogesha na kuwalisha wengine walikuwa walimu, wengine mafundi bomba, wengine wake wa matajiri. Tofauti ya aliyejiwekea akiba na asiyejiwekea naiona kila siku, hata kwenye chumba anacholala na idadi ya wanaolala humo. Sisi wabeba maboksi tunatuma fedha nyumbani za ada, msiba, harusi na bati za nyumba ya mama, na hakuna ninayemlaumu kwa hilo, nami natuma. Ila uzee wetu wenyewe huwa tunauacha mikononi mwa Mungu na mwa mtu yeyote mwenye maneno matamu.

Akaunti hizi zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1974, mwaka niliozaliwa. Zipo za aina mbili kuu. Ile ya kawaida inakupa nafuu ya kodi leo, ukalipa kodi siku ya kuchukua. Ile ya Roth, iliyobeba jina la seneta William Roth wa Delaware na kuanza kutumika 1998, unaweka fedha iliyokwisha kukatwa kodi, na ukifika miaka 59 na nusu, akaunti ikiwa imetimiza miaka mitano, unachukua yote pamoja na faida bila kodi ya Marekani. Kwa mtu wa kipato chetu mimi naipenda Roth, kwa sababu moja ya kibinadamu: kile ulichoweka mwenyewe, ukiacha faida yake, unaweza kukitoa wakati wowote bila faini. Simu ya usiku kutoka nyumbani tunaijua sote. Kwenye ile ya kawaida, ukitoa kabla ya umri huo, pamoja na kodi unatozwa faini ya asilimia 10, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa kisheria.

Lakini swali lako ni wapi. Mimi nilianzia benki. Binti wa kaunta alinifungulia IRA mchana mmoja, dola zangu 1,500 zikawekwa kama amana ya muda maalumu. Usalama ulikuwepo, maana serikali inakinga amana za benki hadi dola 250,000. Riba yake haikufika asilimia moja kwa mwaka. Kwa mtu wa miaka 64 ningesema sawa, mwache alale usingizi. Mimi nilikuwa na miaka 36. Bei ya mkate ilikuwa inakimbia kuliko akiba yangu.

Mwaka 2012 akaja Mtanzania mwenzetu anayeuza mifuko ya uwekezaji. Alikula wali na samaki mezani kwangu, akaniita dada, akanichorea mistari inayopanda. Nikampa dola 5,000, kikomo cha mwaka ule, nilizokusanya kwa ovataimu. Taarifa ya kwanza ilipofika ilisoma dola 4,712 na senti 50. Nilidhani soko limeshuka. Kumbe dola 287 na nusu zilikatwa mlangoni, asilimia 5.75, kabla fedha yangu haijafanya kazi hata siku moja. Kwa mshahara wangu wa wakati ule hizo zilikuwa zaidi ya shifti tatu za usiku. Juu yake kulikuwa na makato ya kila mwaka ya zaidi ya asilimia moja. Hakuvunja sheria, yote yalikuwa yameandikwa kwenye kijitabu alichoniachia. Mimi ndiye sikuuliza, na yeye hakuona sababu ya kunieleza.

Nikifikiria nilivyokuwa Tanga, nashangaa. Kabla ya kuingia upatu tulikuwa tunamchambua kijumbe kama mchele: anakaa wapi, mume wake ni nani, aliwahi kula fedha ya mtu? Huku nikamkabidhi mtu uzee wangu kwa sababu anajua kuimba kwaya.

Usiidharau hiyo asilimia moja. Chukua dola 10,000, uziache miaka 25. Zikikua kwa asilimia 7 kwa mwaka, jambo ambalo hakuna awezaye kukuahidi, zinakuwa kama dola 54,270. Zikikua kwa asilimia 6 kwa sababu moja inakwenda kwa wakataji, unabaki na kama 42,920. Zaidi ya dola 11,000 zimeondoka, na hutaona siku hata moja zinachukuliwa. Ipo mifuko ambayo unanunua vipande vyake kama vile vya mifuko ya UTT kule nyumbani, ila yenyewe inanunua tu hisa za soko zima bila kuchaguachagua, na mingine inakata asilimia 0.04 au chini ya hapo. Kwenye dola 10,000 hiyo ni dola nne kwa mwaka. Mfuko wa kwanza wa namna hiyo kwa watu wa kawaida aliuanzisha John Bogle wa Vanguard mwaka 1976, na leo Fidelity na Charles Schwab nao wanayo ya bei hizo hizo. Sina undugu na kampuni yoyote kati ya hizo. Nazitaja kwa sababu unaweza kufungua mwenyewe kwa simu, bila mtu wa kati kula chakula chako.

Kwa hiyo huyo ndugu wa kanisani muulize waziwazi: unalipwa na nani, na kiasi gani kwa fedha yangu? Akikuuzia mpango wa bima wa kustaafu, muulize nikitaka kutoka mwaka wa tatu nitakatwa ngapi, maana mingi inakufunga miaka saba na zaidi. Kisha ingiza jina lake kwenye BrokerCheck, daftari la bure mtandaoni la FINRA, chombo kinachosimamia mawakala wa uwekezaji Marekani, uone leseni yake na malalamiko kama yapo. Mtu mwaminifu hatachukia.

Nilihamishia akaunti yangu kampuni nyingine Februari 2019. Nilisisitiza kampuni mpya ivute fedha moja kwa moja kutoka ile ya zamani, cheki isipite mkononi mwangu, kwa kuwa ikipita una siku 60 tu za kuirudisha la sivyo inahesabiwa umeitoa. Hapo nilifanya vizuri. Kosa likaja nyuma yake. Nilidhani kufungua akaunti ndiyo kuwekeza. Fedha ilifika ikakaa tu, taslimu, na niligundua Januari 2020 nilipokuwa naandaa karatasi za kodi. Mwaka huo wa 2019 hisa za kampuni 500 kubwa za Marekani zilipanda kwa zaidi ya robo, na sehemu kubwa ya kupanda huko sikuionja. Akaunti ni kapu, mdogo wangu. Ukishalileta nyumbani bado hujanunua nyanya. Mimi sasa nina mfuko mmoja wenye mwaka wa 2040 kwenye jina lake, yaani mwaka wa kustaafu unaolengwa, unaopunguza hisa wenyewe kadiri ninavyozeeka, na kila mshahara unaingiza kidogo bila mimi kugusa.

Jambo jingine linatuhusu sisi kuliko Wamarekani, na sijaona mtu akilisema. Wengi wetu tunataka kuzeekea nyumbani. Piga simu uulize: nikihamia Tanzania na anwani ikawa ya Muheza, mtaniacha na akaunti yangu? Kuna kampuni zinazomzuia mteja wa nje kununua vipande vipya, na nyingine humtaka ahame kabisa. Pia asiye raia anayeishi nje ya Marekani hukatwa asilimia 30 kwenye kile anachochukua kutoka akaunti ya kawaida, na Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kupunguza hilo. Ni heri kuyajua haya ukiwa na miaka 29 kuliko 60.

Kama mwajiri wako anaongezea chochote kwenye mpango wa akiba ya kustaafu wa kazini, anzia huko kwanza. Kisha IRA: kwa mwaka 2026 kikomo ni dola 7,500, na sisi tuliofikisha 50 tunaruhusiwa 8,600. Si lazima ufike huko. Michango ya mwaka mmoja inapokelewa hadi tarehe 15 Aprili ya mwaka unaofuata.

Na siku unayofungua, jaza fomu ya mnufaika. Jina lililo kwenye fomu hiyo ndilo litakalolipwa, hata kama wosia wako unasema vingine. Yangu iliandikwa jina la mtu niliyeachana naye miaka tisa kabla sijakumbuka kuibadilisha. Sasa yapo majina mawili, binti yangu na mdogo wangu wa mwisho aliyebaki na mama.

Msomaji wenu,
Mzaliwa wa Muheza, Houston, Texas