Wakutubi na manesi wafunzwe pamoja

Mhariri, salaam. Mie nafanya kazi maktaba hapa Mombasa, na juzi alikuja mama mmoja wa Kisauni na simu kioo kimepasuka, akanionyesha meseji ya WhatsApp yasema mwenye sukari aache dawa anywe maji ya bamia, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni kweli?" Nikamwambia asiache dawa kabla hajamuona daktari, kisha tukafungua MedlinePlus, tovuti ya afya ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, iko tangu 1998 na ni bure, ila ukurasa wenyewe Kiingereza kitupu ikabidi nimsomee polepole kwa Kiswahili.

Hayo nilijifunza mwenyewe usiku kwa bando zangu. Naomba sana kaunti ituweke wakutubi na manesi darasa moja la mtandaoni, sisi tujue kutafuta na wao watwambie maana yake. Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani (WHO), iko tangu 2002, wasoma mtandaoni majarida ya tiba bure au bei ya chini kwa nchi kama yetu, na manesi niliowauliza hawaijui, yaniuma wallahi. Na masomo yarekodiwe, nesi alokesha zamu hawezi kuingia Zoom saa tatu asubuhi.

Mkutubi, Mombasa