Risala ya Klabu ya Kemia kwa Mgeni Rasmi, Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi kutoka Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima, sisi wanachama wa Klabu ya Kemia tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Mwaka huu tumejikita katika swali moja: mtu atajuaje kilichomo ndani ya chupa ya pombe kali? Tangu Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba, yaani pombe kali za vifuko vidogo vya plastiki, tarehe 1 Machi 2017, mnunuzi hutazama chupa, kifuniko na stempu ya kodi. Lakini chupa halali huweza kuokotwa na kujazwa upya. Tena sisi wa mkoa wa korosho tunajua kuwa msimu wa mabibo ukifika, uraka, yaani pombe ya maji ya mabibo, hutengenezwa, na nipa, pombe kali itokanayo nao, hupikwa, wala haina lebo ya kutazama.

Mabibo yana pektini, kitu cha asili kilichomo katika matunda, ambayo mabibo yanapochachuka hutoa kidogo methanoli, alkoholi yenye sumu. Hatari kubwa zaidi huja pale mwenye tamaa anapoongeza methanoli ya viwandani, kwa maana ini huigeuza kuwa formaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, ambayo huharibu neva ya macho hata mnywaji akapofuka au akafa.

Mtaani husemwa kwamba pombe inayowaka moto wa bluu ndiyo safi. Tulilipima jambo hilo maabara, mwalimu akiwa pembeni, kwa ethanoli, yaani kileo cha kawaida cha pombe, na methanoli, zilizonunuliwa kwa kazi hiyo, na zote mbili ziliwaka bluu. Tulipozichanganya na maji hadi asilimia 40 na kutumbukiza haidromita, ilielea karibu pale pale, kwa kuwa mililita moja ya kila kimojawapo ina uzito wa takriban gramu 0.79. Haidromita hupima nguvu ya kileo. Aina yake haiijui.

Kipimo tunachokitamani ni kile cha rangi. Sampuli hutiwa potasiamu pamanganeti, methanoli ikageuka formaldehaidi, kisha huongezwa asidi ya kromotropiki pamoja na asidi kali ya salfuriki, na rangi ya zambarau hujitokeza. Ethanoli haitoi rangi hiyo.

Nyinyi, Mheshimiwa, mna gesi kromatografia, ambayo hupitisha mvuke wa sampuli katika mrija mrefu mwembamba, kila kemikali ikatoka kwa wakati wake na kuchora kilele chake kwenye mchoro. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, mghushi hubanwa hasa, hata kama hakutia sumu yoyote: wiski halisi huwa na vilele vingi vidogo vya alkoholi nzito na esta, kemikali zinazotoa harufu, kutokana na uchachushaji na pipa la mbao, ilhali ya kughushi, iliyotengenezwa kwa spiriti tupu, rangi ya karameli na manukato, huwa na kilele kirefu cha ethanoli na vingine vichache tu.

Changamoto yetu ni uhaba wa vitendanishi na kukosa chemba ya kutolea hewa chafu, ambayo bila hiyo mwalimu wetu, kwa haki kabisa, haturuhusu kugusa asidi kali. Tunaomba utusaidie kupata vifaa hivyo, uturuhusu kutembelea maabara yenu, na utupatie michoro ya zamani ya kromatografia, iliyofutwa majina ya wahusika, ili tujifunze kuisoma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.