Bei za madukani Chake Chake ziandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotusumbua wanunuzi wengi wa hapa Chake Chake, nalo ni kuingia dukani bila ya kujua bidhaa inauzwa kiasi gani, kwa sababu bei haikuandikwa popote na muuzaji huitaja baada ya kumtazama mteja kwanza.

Sina ugomvi na mapatano yenyewe. Samaki wa mnadani hawana bei ya kudumu, na anayewanadi hupaza sauti kila mtu akasikia nani kafika ngapi. Ninacholalamikia ni nguo, vyombo na bidhaa nyengine za dukani, ambazo mwenye duka amezinunua kwa jumla kwa bei anayoijua, akazilipia usafiri wa boti kutoka Unguja au Dar es Salaam, na hesabu yote anayo kichwani kabla hajafungua mlango.

Hivi karibuni niliuliza doti ya kanga katika duka moja la vitambaa. Niliambiwa shilingi 18,000, "lakini wewe sema yako". Nikasema 12,000, muuzaji akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba akiuza chini ya 17,000 atakula hasara, na nilipokaribia mlango akaniita nichukue kwa 13,000. Wakati nafungiwa, mzee mmoja aliyeshuka kwenye gari ya shamba aliuliza doti kama ile ile, akatajiwa 18,000, akazihesabu, akalipa na kuondoka. Pengine kwa mwenye duka hiyo ni biashara ya kawaida tu, lakini kanga ni moja, na shilingi 5,000 alizonizidi yule mzee alizilipia upole wake. Kile kiapo nacho sijui tukihesabu vipi.

Mji wetu ni mdogo. Mwenye duka ni jirani, mkwe, au mtu unayesimama naye safu moja msikitini, na wapo wengi wanaoona kwamba kubishana naye bei ni kumwambia usoni kuwa anasema uongo. Hao hulipa wakanyamaza. Ninayemwonea huruma zaidi ni mtoto aliyetumwa, kwani yeye hawezi kupatana na mtu mzima, na akirudi na chenji pungufu kuliko aliyorudi nayo nduguye aliyetumwa kitu hicho hicho, huulizwa nyumbani pesa kazipeleka wapi.

Ajabu ni kwamba mkulima wa Pemba, anapokuwa yeye ndiye muuzaji, ameshazoea bei iliyo wazi. Akipeleka karafuu kituo cha ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, bei ya kila daraja imeshatangazwa, na kilo ya daraja la kwanza haipungui kwa kuwa mwenye nayo ni mpole wala haizidi kwa kuwa ni msemaji. Kama kuna la kubishania pale, basi ni ukavu na usafi wa karafuu zenyewe. Fedha hizo hizo, ambazo amezitolea jasho kwa kuchuma na kuanika, akiingia nazo dukani huanza kubahatisha.

Wafanyabiashara hujibu kwamba bei hubadilika kila mzigo mpya unapoingia. Bei ya mafuta ya gari nayo hubadilika, ZURA, mamlaka inayodhibiti huduma za maji na nishati Zanzibar, huitangaza kila mwezi, na vituo huiweka mpya bila ya taabu. Karatasi na kalamu haziwezi kumshinda mwenye duka. Wengine husema mteja mwenyewe ndiye anayependa kupunguziwa, na akikuta bei imeandikwa atapita. Hilo lina ukweli, maana tumezoeshana, lakini hakuna anayemkataza mtu kuandika 15,000 kisha akampunguzia amtakaye, ilimradi asiwepo wa kutozwa zaidi ya hiyo.

Kwa hiyo naiomba Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, kwa kushirikiana na Baraza la Mji la Chake Chake, ianze na maduka ya nguo na vyombo kabla ya harakati za sikukuu, wakati ambapo watu wa Ole na Vitongoji hushuka mjini na watoto wao kununua nguo. Bei iwekwe juu ya bidhaa yenyewe au kwenye rafu yake, ili mtu aisome akiwa bado hajamuuliza muuzaji chochote.

Mnunuzi,
Chake Chake, Pemba