Vimeng'enya vimezwe pamoja na chakula

Mhariri,

Tunaomba nafasi kuhusu wagonjwa wa saratani ya kongosho wanaouguzwa majumbani hapa Tanga.

Watafiti wanachunguza jinsi seli za saratani hii zinavyojilisha. Zaidi ya asilimia 90 ya uvimbe wake huwa na jeni ya KRAS, inayoongoza ukuaji wa seli, iliyobadilika, na seli hizo humeza protini za jirani zikazigeuza lishe. Utafiti huo tunauombea heri. Lakini mgonjwa wa leo hukonda pia kwa sababu inayotibika: vimeng'enya vya kongosho, yaani protini zinazosaga chakula, haviufikii utumbo mwembamba. Anakula wali wa nazi na samaki, mafuta yanatoka yalivyoingia. Choo kinakuwa cheupe, kinang'aa mafuta, kinanuka mno na kinagoma kuondoka kwa maji.

Kapsuli za vimeng'enya zipo, ila nyingi hupotea bure kwa kumezwa baada ya kula. Zianze na tonge la kwanza, na mlo ukiwa mrefu dozi igawanywe, nyingine katikati. Mtu mzima kwa kawaida huanzia uniti 40,000 hadi 50,000 za lipasi (kimeng'enya kinachosaga mafuta) kwa mlo kamili, nusu yake kwa kitafunwa au glasi ya maziwa. Daktari ndiye apime na kuongeza. Zisitafunwe. Zimezwe kwa maji baridi, kwani chai ya moto huviharibu vimeng'enya, na zisiachwe juani.

Na jamani, msimnyime nazi. Anahitaji nguvu ile. Mwongezeeni vimeng'enya kwa ushauri wa daktari.

Wahudumu wa lishe ya wagonjwa,
Tanga