Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Jinja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana. Tumefurahi kumpata mtaalamu wa mipango miji, maana tuna jambo la fani yako.

Muhula huu klabu yetu ilitembelea Kirinya. Pale mafunjo yamesimama kati ya mabwawa ya majitaka ya mji na Ziwa Victoria. Maji yakitoka mabwawani hupita humo kwanza: matope yanatuama, mizizi inafyonza sehemu ya uchafu, ndipo yaingie ziwani. Hakuna mtambo wala umeme, na pengine ndiyo sababu watu huidharau kazi hiyo.

Hata hivyo, ardhi oevu, yaani ardhi ya majimaji kama ile ya mafunjo, ina mtetezi. Ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaja miongoni mwa mali ambazo serikali huwatunzia wananchi, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inaikataza serikali kuikodisha au kummilikisha mtu. Inavamiwa, ndiyo, lakini mvamizi ana kesi ya kujibu.

Hofu yetu ni uwanja wa mpira wa mtaani. Huo Katiba haiutaji; kinga yake ni mchoro wa mipango, yaani ramani inayoonyesha kila eneo litumike kwa nini. Usipokuwemo, kwa mwenye pesa ni kiwanja kitupu. Na tangu Sheria ya Mipango ya 2010 Uganda nzima ni eneo la mipango, kwa hiyo hata mtaa wetu umo.

Nyuma ya shule tunao uwanja wa namna hiyo. Jumamosi kuna ligi, msiba ukitokea mahema hufungwa pale, na mvua kubwa ikinyesha maji hutuama upande wa chini badala ya kuingia majumbani. Juzi tumekuta vigingi vinne vyenye rangi nyekundu. Kila tuliyemuuliza ni vya nani alitutuma kwa mwingine.

Tunaomba uwanja upimwe, uwekewe mawe ya mipaka na uandikwe kwenye mchoro kuwa eneo la wazi. Mchoro wenyewe ubandikwe kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, wazazi wausome na wenye pingamizi waseme mapema. Miche tunayo kitaluni, ila tutaipanda pembeni tu. Najua klabu ya mazingira hutarajiwa kuomba miti kila mahali; sisi tunaomba katikati pabaki nyasi, watoto wacheze.

Mgeni Rasmi, vigingi haviko mbali. Baada ya chakula tafadhali tufuatane ukavione.

Tunaomba kuwasilisha.