Kuhusu mgombea wetu wa Bunge la Jimbo

Ndugu wanakikundi, Jumamosi saa nne asubuhi tutakutana Lewiston ili tupite nyumba kwa nyumba kumnadi mgombea wetu wa Bunge la Jimbo la Maine hapa Marekani, ambaye hoja yake kuu ni visima vilivyochafuliwa na kemikali za PFAS, yaani kemikali za viwandani zisizooza kirahisi, zilizoingia ardhini kupitia tope la majitaka lililomwagwa mashambani kama mbolea kwa miaka mingi. Maine ilipiga marufuku tope hilo mwaka 2022, lakini mama mmoja niliyemtembelea nje ya mji bado ananunua maji ya chupa hata ya kusongea ugali. Wenye uraia wakumbusheni kwamba wanaweza kujiandikisha hata siku yenyewe ya kupiga kura. Mwenye gari anijulishe kabla ya Ijumaa jioni, tafadhali.